Rambirambi ya Visanduku Vitatu

Mwaka jana shangazi yangu wa Ijumbi, wilayani Muleba, alifiwa na mumewe. Tulimzika marehemu kibanjani, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Siku ya pili ya matanga shangazi alinipa simu yake ya kitochi nimsomee ujumbe wa mjukuu wake aishiye Dar es Salaam. Nikatazama kioo. Ndani ya mabano mlikuwa na visanduku vitatu vitupu, basi.

“Anasemaje?” akauliza.

Nikadanganya. “Anasema pole sana, bibi. Analia.”

Niliporudi mjini nilimtafuta kijana yule, naye akanionesha alichokituma: (ಥ﹏ಥ). Ni uso unaobubujikwa na machozi, alinieleza, na akashangaa kwamba sikuutambua. Simu ya bibi yake haikuwa na herufi hizo, ndiyo maana ikaonesha visanduku.

Ndugu msomaji, yale “macho” mawili yanayolia ni herufi ya Kikannada, lugha ya watu wa jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Nao ule “uso” unaotabasamu, ツ, ambao wanafunzi wangu wengi wameubandika pembeni mwa majina yao katika wasifu wa Instagram, ni herufi ya Kijapani isomwayo “tsu”. Kijana wa Kihaya anamlilia babu yake kwa herufi za Karnataka asizozijua, kwa mtindo wa Tokyo asikowahi kufika, na anamwacha bibi yake bila hata neno moja la lugha wanayoielewa wote wawili. Halafu tunaambiwa huku ndiko kuwasiliana.

Sina ugomvi na Wajapani. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza alama :-) ili wasomaji watofautishe mzaha na jambo la kweli. Miaka michache baadaye Wajapani wakabuni sura zao, kama (^_^), zisomwazo bila kuinamisha kichwa, ambazo hisia zake hukaa zaidi machoni kuliko mdomoni. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita akaichorea kampuni ya simu ya NTT DoCoMo picha 176, ambazo ni miongoni mwa mababu wa emoji za leo. Angalia lakini alama ya Fahlman ilizaliwa kwa kazi gani: kuyasindikiza maneno yaliyokwisha kuandikwa. Mtu alisema kwanza, kisha akaweka uso. Sisi tumemfukuza bwana harusi tukabaki na msindikizaji.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha hubadilika, na kwamba hata bibi zetu walisema kwa mafumbo: mwanamke wa pwani huvaa kanga akamfikishia jirani ujumbe wake bila kufungua kinywa. Hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Kanga husema kwa sababu imeandikwa jina, yaani sentensi kamili ya Kiswahili ambayo mtu aliifikiri na mwingine anaweza kuibishia. Fumbo ni maneno yaliyofunikwa. Uso wa mabano ni kifuniko kisicho na chungu chini yake.

Tena tusijidai kwamba alama hizi zinaeleweka na kila mtu. Mwanafunzi asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, hausikii uso. Husikia orodha ya mabano, mistari na herufi ngeni, au hasikii kitu. Mwenye kitochi huona visanduku. Waliobaki hukisia: je, huyu analia kwa huzuni, au kwa kicheko? Lugha inayowatupa nje vipofu, wazee na maskini, halafu ikawaacha wengine wakibahatisha, haistahili kuitwa maendeleo ya lugha.

Lakini jambo linalonikera zaidi si sarufi. Ni wajibu. Kuna nyakati ambapo binadamu anadaiwa maneno: anapofiwa mwenzake, anapoombwa msamaha, anapoulizwa msimamo wake juu ya jambo la umma. Nyakati hizo uso wa alama unatuwezesha kuonekana tumelipa deni bila kutoa hata senti. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, ikiwa na watu 43, ambao 19 kati yao walifariki, wavuvi walipiga makasia kuifuata. Sisi wasomi tulipeleka machozi ya mabano. Sisemi kwamba kila mtu angeweza kuingia ziwani. Nasema kwamba asiyekuwa na mtumbwi alikuwa na ulimi.

Katika siasa hali ni hiyo hiyo. Mtu anaweka hadharani swali zito kuhusu maji, kuhusu bei ya kahawa, kuhusu kodi; chini yake zinamiminika sura zinazocheka, zinazoduwaa, zinazoinua mabega. Wapo wanaoniambia kwa siri kwamba wanaogopa: tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uso ni salama kuliko sentensi. Hofu hiyo siidharau, na anayeisababisha ana lawama kubwa kuliko anayeogopa. Hata hivyo, tusiigeuze hofu kuwa mtindo wa kisasa. Hakuna muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoweza kuandika kwamba wananchi waliinua mabega. Mtawala asiyetaka kuulizwa hapendi kitu kama raia wanaojibu kwa nyuso: anaweza kuzisoma atakavyo.

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Uso wa mabano haukuumbwa na haya, kwa sababu hakuna mtu nyuma yake anayelazimika kukutazama. Nasi tumerithi hazina. Kiswahili kina “pole”, neno moja linalobeba huzuni, heshima na ushirika. Wahaya tuna “waitu”, tunaloliweka mwishoni mwa salamu ili kumtukuza anayesalimiwa. Maneno hayo husomeka kwenye simu yoyote, hata ya kitochi.

Cheka na wenzako kwa (^_^) upendavyo. Mzaha una mahali pake. Lakini ukipata habari ya msiba usitafute alama. Andika “pole sana, bibi”, au bora zaidi, piga simu. Mjukuu yule nilimpa ushauri huo huo. Shangazi bado hajui kwamba nilimdanganya, na kwa kweli si mimi niliyepaswa kumwambia pole ile.