Maoni: Mjini Goma, depo ipimwe kwa mzigo, si kwa macho

Mjini Goma, mfanyabiashara anayetafuta depo huuliza maswali mawili: bei ni dola ngapi kwa mwezi, na garanti ni ya miezi mingapi. Swali la tatu, lenye uzito kuliko hayo mawili, mara nyingi haliulizwi: mzigo wenyewe unahitaji nafasi ya meta ngapi? Mwenye depo anafungua mlango, mpangaji anatupa jicho ndani, anasema "itaenea", na pesa zinatoka mfukoni.

Neno hilo "itaenea" limewagharimu wengi. Aliyechukua depo kubwa kuliko mzigo wake analipia hewa kila mwezi. Aliyechukua ndogo anapanga mifuko mpaka kwenye mabati, anaibana ukutani, na baada ya mvua za miezi miwili anakuta mahindi yameota ukungu. Wote wawili wanasema biashara imekuwa ngumu. Ni kweli, biashara ni ngumu. Lakini sehemu ya hasara hiyo ingeepukwa kwa meta ya fundi na nusu saa ya hesabu.

Tuchukue mfano wa mahindi. Mifuko 200 ya kilo 100 ni tani 20. Tani moja ya mahindi yaliyo ndani ya mifuko huchukua karibu meta za ujazo 1.8. Kwa hiyo tani 20 zinahitaji meta za ujazo 36. Mifuko ikipangwa mpaka urefu wa meta 2.4, itakaa juu ya meta za mraba 15, yaani meta 3 kwa 5. Hapo ndipo wengi wanafunga hesabu na kutafuta chumba cha meta 3 kwa 5.

Hesabu hiyo ni nusu tu. Mifuko haitakiwi kugusa ukuta, kwa sababu ukuta hupitisha unyevu. Inatakiwa kuachwa walau nusu meta pande tatu, na meta moja upande wa mlango ili wachukuzi wapite na mwenye mali aweze kukagua. Chini panawekwa paleti au mbao ili hewa ipite. Juu panabaki nafasi kabla ya kufika kwenye mabati, ambayo hupata joto mchana na kutoa jasho usiku. Ukiongeza hayo yote, chumba kinachofaa ni cha meta 4 kwa 6.5, yaani meta za mraba 26. Ni karibu mara mbili ya kile ambacho jicho lilidhani.

Simenti ina hesabu yake. Tani 20 ni mifuko 400 ya kilo 50, na kwa ujazo haifiki nusu ya mahindi ya uzito huo. Mfanyabiashara anaweza kufikiri kwamba chumba kidogo kinatosha. Lakini simenti haipangwi zaidi ya mifuko 10 kwenda juu, maana ile ya chini hushikana na kuwa mawe. Kwa hiyo itaenea chini karibu meta za mraba 12, bila kuhesabu njia. Tena sakafu ya nyumba ya mbao, zile zilizojaa katika vitongoji vya Goma, haikujengwa kubeba tani 20 mahali pamoja. Na simenti iliyokaa zaidi ya miezi mitatu mahali penye unyevu hupoteza nguvu. Depo kubwa inamshawishi mtu anunue nyingi kuliko anayoweza kuuza katika muda huo.

Makontena ya chuma nayo yanahitaji kuangaliwa vizuri. Kontena la futi 20 lina ndani meta 5.9 kwa urefu, 2.35 kwa upana na 2.39 kwenda juu: karibu meta za ujazo 33. Lile la futi 40 lina karibu 67. Ni imara, na mwizi hapiti kwa urahisi. Lakini usiku wa baridi chuma kinatoa maji ndani, na maji hayo yanadondokea mzigo. Kwa sabuni zilizo ndani ya plastiki au vyuma vya ujenzi, hakuna shida kubwa. Kwa unga, maharage na mabaloti ya nguo, kontena lisilo na matundu ya hewa ni hatari, hata kama ukubwa wake ni sawasawa.

Familia zinazohifadhi vitu vya nyumbani zinaweza kutumia njia nyepesi zaidi. Vitu vyote visogezwe kwenye kona moja ya salon, vitanda vifunguliwe, magodoro yasimamishwe, kisha kundi hilo lipimwe urefu, upana na kimo. Ongeza robo kwa ajili ya njia. Familia nyingi zitagundua kwamba chumba cha meta 3 kwa 3 kinatosha, wakati zilikuwa tayari kulipia nyumba nzima. Nyingine zitagundua kwamba kiti kilichovunjika tangu miaka mitano hakistahili kulipiwa dola hata moja.

Hata hivyo, katika mji kama Goma ukubwa wa depo si swali la nafasi tu. Ni swali la hasara: mtu yuko tayari kupoteza kiasi gani kwa siku moja? Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuzika nyumba za biashara pamoja na vilivyomo. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitema moto tena, na siku tano baadaye wakaaji wa kartie kadhaa waliamriwa kuhama. Walioondoka kwenda Sake, Bukavu au ng'ambo ya mpaka hawakubeba depo mgongoni. Kwa Birere, ambako nyumba za mbao zimebanana, moto ni habari inayorudi mara kwa mara. Na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, depo nyingi ziliporwa. Katikati ya Februari mwaka huo, maghala ya chakula ya PAM kule Bukavu yalipatwa na hayo hayo.

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwaka huo 2025, wenye pesa wengi walibaki na akiba yao katika umbo la bidhaa. Depo imekuwa kama benki. Hakuna mtu mwenye akili anayeweka akiba yote ya maisha nyuma ya kufuli moja. Kwa hiyo mwenye mahitaji ya meta za mraba 50 afikirie depo mbili za 25, katika kartie mbili tofauti, kabla ya kusaini moja kubwa.

Wapo watakaopinga. Watasema depo mbili ni sentineli wawili, kufuli mbili, na chukudu wa kulipwa mara mbili. Ni kweli, gharama inaongezeka. Lakini gharama hiyo inajulikana mapema na inaweza kuingizwa katika bei. Moto hautangazi bei yake. Wengine watasema kubwa inachukuliwa kwa sababu ya msimu wa mavuno, wakati mahindi na maharage ni ya bei ya chini. Hoja hiyo ina nguvu, lakini msimu haudumu mwaka mzima. Afadhali kukodi chumba cha ziada kwa miezi mitatu kuliko kulipia nafasi tupu kwa miezi tisa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mama wauzaji wa sokoni walishaelewa somo hili. Wengi wao wanalipia depo kwa mfuko na kwa siku: mwenye mifuko miwili analipia miwili. Hakuna anayelipia hewa. Wafanyabiashara wakubwa, wanaojivunia mahesabu, wangefaa kujifunza kwao.

Wenye depo nao wana wajibu. Tangazo linalosema "depo kubwa, mahali pazuri" halisemi kitu. Liseme urefu, upana na kimo, liseme kama sakafu ni ya simenti au ya mbao, na kama mabati yanavuja. Mwenye depo atajibu kwamba wateja ni wengi na depo ni chache, hivyo hana haja ya kupima. Lakini mpangaji ambaye mali yake imeoza hawezi kulipa mwezi unaofuata, na kugombana mbele ya chifu wa kartie hakumsaidii yeyote.

Na karatasi iwepo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, lakini sheria hiyo inahusu upangaji usio wa kibiashara. Mwenye kukodi depo ya biashara asiitegemee kumkinga. Mkataba wake uandike vipimo vya chumba, kiasi cha garanti, na nani anabeba hasara paa likivuja. Bila karatasi, meta 20 za mwezi wa kwanza zinaweza kuwa 15 mwezi wa nne, pale mwenye depo anapoingiza mzigo wa ndugu yake kwenye kona.

Vita na volkano haviko mikononi mwa mfanyabiashara. Mvua pia haimsikilizi. Lakini idadi ya mifuko yake anaijua, na meta ya fundi haikosi sokoni. Kabla ya kutoa garanti, apime mzigo, apime chumba, ndipo aseme kama itaenea.