Kiti cha mtoto garini kichaguliwe kwa mkono, si kwa jicho

Mzigo unaovuka Manyovu kuja Mugina siku hizi umeongezeka aina. Kati ya marobota ya mitumba, masufuria na magodoro, vimeanza kuonekana pia viti vya watoto vya kufunga garini. Ni jambo jema, lakini linahitaji kusemwa vizuri, kwa sababu wengi wetu tunavinunua kwa kuangalia rangi na unene wa mto.

Sisi tuliozaliwa kwenye makazi ya wakimbizi kule Ulyankulu tulibebwa mgongoni kwa kanga, na usafiri wetu ulikuwa baiskeli. Tuliporudi Burundi mwaka 2009 tulikuta teksi na magari ya ndugu, na ndani yake mama amempakata mtoto akiamini kwamba mikono yake inatosha. Haitoshi. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 6 huvutwa mbele kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vyao ajalini kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni pale tu kiti kinapofungwa sawasawa, na kufunga ni kazi ya mikono.

Je, mikono ya nani? Watoto wetu hawalelewi na vijana wenye nguvu peke yao. Wapo akina mama wanaopata ganzi ya vidole tangu ujauzito, wapo wanaoumwa mzizi wa kidole gumba kwa kumnyanyua mtoto mara kwa mara, wapo bibi na babu waliopatwa na kiharusi. Mimi ni mwalimu wa miaka arobaini na ushee, na baridi yabisi imenikamata vifundo vya vidole hata chaki naishika kwa ngumi. Binti yangu akiwa sokoni ng'ambo, mimi ndiye ninayempeleka mjukuu kliniki katika gari la shemeji. Mkono wangu ukishindwa kukaza mkanda, mtoto atachomoka katika kiti. Ukishindwa kuufungua gari linapowaka moto, ni balaa kubwa zaidi.

Wengi hawajui kwamba kile kitufe chekundu cha kufungulia mkanda kimefanywa kigumu makusudi. Kanuni za Ulaya zinataka kibonyezwe kwa nguvu ya nyutoni 40 hadi 80, yaani sawasawa na uzito wa kilo 4 hadi 8, ili mtoto asijifungue mwenyewe. Kwa hiyo usikubali fundi akilegeze, akipige tupa au akitie mafuta. Kikiwa kigumu kupita kiasi, huenda kimeingiwa na uji na makombo. Kisafishwe kwa maji ya uvuguvugu.

Kabla ya kwenda kununua, jipime. Kila duka la mpakani lina mizani. Bonyeza sahani yake kwa kidole gumba, uone mshale unafika wapi. Ukifika kilo 8 bila maumivu, huna shida. Ukiishia 3, jaribu kwa vidole gumba viwili, mmoja juu ya mwingine. Huko Marekani kinauzwa kifaa kidogo cha plastiki kinachokibonyeza kitufe kwa kanuni ya wenzo. Ndugu zetu waliohamia huko wanaweza kutuletea.

Halafu tenganisha kazi mbili. Kukifunga kiti kwenye gari ni kazi ngumu, lakini mtu mwenye nguvu anaweza kuifanya mara moja na kukiacha hapo. Akimaliza, kishike pale mkanda unapopita ukitikise, kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kama gari lina vyuma vya ISOFIX kati ya mgongo wa kiti na kikalio, kitako cha kiti hubana chenyewe kwa mlio. Kazi ya pili ni ya kila siku: kumfunga na kumfungua mtoto. Hiyo ndiyo ya kukuchagulia kiti.

Viti vingi vya Ulaya hutaka ndimi mbili za mkanda zishikwe pamoja kwanza, ndipo zichomekwe kwa mpigo mmoja. Vingi vya Marekani huchomekwa ulimi mmoja mmoja, ambayo ni nafuu, lakini vina kibanio cha kifuani kinachotaka kubinywa kwa vidole. Jaribu vyote viwili. Vuta mkanda wa kukazia kwa kuuzungusha kiganjani badala ya kuubana kwa vidole. Wala usihangaike kubeba kiti chenye mtoto ndani: kikiwa kitupu tu kina kilo 3 hadi 5. Kiache garini, mbebe mtoto peke yake. Mtoto mchanga atazame nyuma, na kamwe asiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofyatuka ajali inapotokea.

Ndugu zangu wafanyabiashara, hapa nina neno nanyi. Muuzaji mmoja mpakani alinikataza kufungua nailoni, akisema nitamchafulia mali. Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia. Acheni mteja abonyeze, avute, afunge na kufungua mara tano. Msiuze kiti kilichowahi kuwa katika ajali hata kama hakina ufa, wala kile ambacho lebo yake imebanduliwa. Cha Ulaya kiwe na herufi E ndani ya duara pamoja na R129 au R44/04. Tangu Septemba 2024 viti vya R44 haviruhusiwi tena kuuzwa vipya katika nchi za Umoja wa Ulaya, hivyo tusishangae vikimiminika huku kwa bei ya chini. Si vibaya kwa sababu hiyo tu, lakini bei iwe ya haki na mnunuzi aambiwe.

Nanyi mnaorejea na watoto wachanga, msione haya kusema mbele ya muuzaji kwamba mkono wako hauna nguvu. Mwambie, kisha kaa chini ukijaribu kiti hicho mpaka uridhike. Kama hukiwezi, tafuta kingine kabla hujatoa fedha.