Usipoziba Ufa Katika Programu
Programu ya kompyuta si kazi ya mikono ya waandishi wake peke yao. Ndani yake mna vipande vingi vilivyoandikwa na wengine, navyo hutegemea vingine. Kipande kimoja kikiwa na ufa, jengo zima limo hatarini.

Yaliyoifika kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ni fundisho. Machi 2017 ilitangazwa kasoro katika Apache Struts, kipande cha kuundia tovuti, na marekebisho yake yakatolewa. Kampuni iliagiza ufa huo uzibwe. Lakini agizo halikuwafikia waliohusika, na ukaguzi uliofuata haukuiona kasoro. Mei wezi wakaingia. Hawakugunduliwa hadi mwishoni mwa Julai. Habari za siri za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba marekebisho na maagizo havitoshi pasipo orodha kamili ya kila kipande, toleo lake na mahali kilipo. Zipo programu za kulinganisha orodha hiyo na madaftari ya wazi ya kasoro zinazojulikana. Hata hivyo, chombo hakimwondolei mtumishi wajibu wake. Ukaguzi sharti urudiwe mara kwa mara, kwani kipande kilicho salama leo chaweza kutangazwa kibovu kesho.

Ofisi iliyokabidhiwa kumbukumbu za wananchi imekabidhiwa amana. Asiyejua kilichomo ghalani mwake hawezi kudai kwamba anailinda.