Sumni Haikuwa Rahisi

Kila msiba, kila harusi, kila kibaraza cha kahawa, hakosekani mzee wa kuianzisha hadithi hii. "Enzi zetu soda sumni. Unatoka na shilingi mbili, unarudi na kikapu kimejaa." Waliokaa karibu wanaitikia, vijana wanainamisha vichwa kana kwamba wao ndio waliopandisha bei, na mazungumzo yanaishia hapohapo: zamani maisha yalikuwa rahisi, leo tumepotea. Ukimuuliza zamani gani, atakutajia miaka ileile ya 1967, 1968 na 1969, Azimio la Arusha likiwa bado bichi na shilingi yetu wenyewe ikiwa ngeni mfukoni.

Nasema imani hiyo si kweli. Nasema pia inawaumiza watu, na wa kwanza kuumizwa ni hao wazee wenyewe, kwa sababu inafuta jasho lao.

Tuanze na sumni, yaani senti hamsini. Shilingi ya Tanzania ilitoka Juni 1966 kuchukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki. Kwenye sumni alichorwa sungura, kwenye senti ishirini mbuni. Dola moja ya Marekani ilikwenda kwa shilingi 7 na senti 14. Leo dola hiyohiyo inahitaji shilingi zaidi ya 2,000. Kwa hiyo tunapotamka "shilingi" ya 1967 na "shilingi" ya leo, tunatumia jina moja kwa vitu viwili. Anayelinganisha bei hizo mbili bila kugusa mshahara hajalinganisha kitu.

Kima cha chini cha mshahara mjini Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi mwaka 1963, na hadi miaka ya sitini inakwisha kilikuwa kimeongezwa kidogo tu. Zigawe hizo 150 kwa siku 26 za kazi: unapata shilingi 5 na senti 77 kwa siku. Chukua sasa soda ya sumni, kwa bei anayoikumbuka mzee wetu. Kreti la chupa 24 ni shilingi 12. Kibarua alitakiwa kufanya kazi zaidi kidogo ya siku mbili, bila kula, bila nauli, bila kodi ya chumba, ndipo alinunue. Leo kima cha chini cha mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai 2025. Hata ukimuuzia soda kwa 1,000, siku moja na robo inamtosha kulipia chupa 24. Najua fika kwamba Watanzania wengi hawaioni hiyo laki tano, na nitalirudia jambo hilo. Lakini kwa kipimo cha jasho, ambacho ndicho kipimo cha haki, soda ya sumni ilikuwa ghali. Ndiyo maana watoto wa wakati ule waliinywa Idi na Krismasi, wakapeana fundo moja moja.

Na hapo tumemhesabu mwenye mshahara. Sensa ya 1967 iliwakuta watu milioni 12.3. Walioajiriwa kwa mshahara nchi nzima hawakufika laki nne. Wengine wote, wale mamilioni wa jembe, hela waliiona msimu wa kuuza pamba, kahawa au korosho, kisha wakakaa miezi bila kuishika. Kwao swali halikuwa bei ya sukari. Swali lilikuwa senti itatoka wapi. Bei ya chini dukani haimsaidii mtu asiye na kitu mkononi, na kodi ya kichwa ilimsubiri palepale, iwe mvua imenyesha au haikunyesha. Muulize babu yeyote wa kijijini kuhusu kulala porini akimkwepa mtoza kodi. Atakusimulia vizuri kuliko mimi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Korogwe. Alifanya kazi ya kipande. Kijana wa leo atafikiri kipande ni sehemu ya kitu, kumbe kilikuwa kadi ya siku thelathini: kila siku unapomaliza mafungu uliyopangiwa unawekewa alama, na ukizitimiza siku zote ndipo unalipwa. Ukiugua, kadi inasubiri. Miiba ikikuchoma jicho, kadi inasubiri. Mwezi wa kalenda uliweza kwisha na wewe hujauona mshahara wako. Kisha bei ya mkonge katika soko la dunia ikaporomoka baada ya 1964, nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, na mashamba yakaanza kupunguza watu kwa maelfu. Babu alikuwa miongoni mwao. Bibi alikuwa na doti mbili za khanga, moja ya kushindia na moja ya kutokea, na ile ya kutokea aliazimana na dada yake. Nyumbani waliwasha koroboi, na walipokosa mafuta ya taa walilala na magharibi. Sukari ilikuwa bei ya chini sana, ndiyo. Waliinunua kwa kijiko, ikafungwa kwenye kipande cha gazeti, ikaandikwa kwenye daftari la mwenye duka.

Mama yangu alitolewa shule darasa la nne kwa kukosa karo. Hili watu wengi wamelisahau kabisa. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 1964, lakini ya shule ya msingi ilidumu hadi 1973. Katika ile miaka inayoimbwa kwamba kila kitu kilikuwa rahisi, mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani kwa ada ya darasa la nne. Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuificha hali hiyo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliandika kwamba nafasi za shule za msingi zilitosha karibu nusu tu ya watoto wa nchi, na kwamba kati ya waliomaliza, asilimia 13 tu ndio wangepata sekondari. Aliyekuwa anaongoza nchi aliona dhiki. Sisi tuliokuja baadaye ndio tunaoiita neema.

Sitaki kulipita bila kulitaja jambo la vifo. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ile ya 1967, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu 160 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 33. Umri wa kuishi ulikuwa kama miaka 40. Kila bibi wa rika lile anazo namba mbili, ya watoto aliozaa na ya watoto aliolea, na akiulizwa hujibu ya pili kwanza. Maisha ya aina hiyo siwezi kuyaita rahisi, na sielewi anayethubutu kuyaita hivyo mbele ya bibi yake.

Imani hii ina pacha wake. Anayesema bei zilikuwa nzuri huongeza kwamba na adabu ilikuwepo: vijana walivaa kwa staha, muziki ulikuwa wa mafunzo, wasichana walijiheshimu. Soma magazeti ya wakati huo uone. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969, Dar es Salaam ilipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Operesheni haitangazwi dhidi ya kitu ambacho hakipo. Vazi hilo lilijaa mjini, na waliolivaa ni hao ambao leo ni mabibi na mababu zetu. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya wavulana yalisimamisha mabasi Kariakoo na kuwashambulia wasichana waliovaa sketi fupi, hadi polisi wakaingilia. Je, hiyo ndiyo heshima tunayoambiwa imepotea? Mimi naona binti aliyekuwa anatoka kazini, ameshuka kwenye basi, ameraruliwa nguo mbele za watu, na miaka karibu sitini baadaye tunakieleza kizazi chake kama kizazi cha utulivu.

Muziki nao vilevile. NUTA Jazz, Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, hazina isiyo na mfano, na ninazipenda kwa moyo wote. Lakini vijana wa mjini walicheza soul pia, na wakaicheza kwa fujo kiasi kwamba Novemba 1969 mamlaka za Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule uliimeza Dar es Salaam, ziliipiga marufuku. Maneno yaliyosemwa dhidi ya soul ni yaleyale yaliyosemwa baadaye dhidi ya Bongo Fleva, na leo yanasemwa dhidi ya singeli: ya kigeni, ya kihuni, inaharibu watoto. Mzee anayemkemea mjukuu kwa singeli alikemewa na baba yake.

Nakubali kuna jambo la kweli ambalo wazee hawa wanalikumbuka, ila wanaliita kwa jina lisilo lake. Bei za wakati ule hazikuwa rahisi. Zilitulia. Shilingi ilisimama pale ilipowekwa. Hata Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, sisi hatukuifuata. Mtu aliyedunduliza kwa ajili ya baiskeli mwaka mzima aliikuta baiskeli bei ileile aliyoiacha. Mkulima alijua debe la mafuta ya taa litamgharimu nini msimu ujao. Hiyo ni neema kubwa, na anayeikosa leo ana haki ya kulalamika. Basi alalamikie hiyo. Adai bei zitulie na mshahara upande pamoja nazo. Ilivyo sasa, anadai turudi kwenye sumni, dai ambalo hakuna serikali wala mwajiri anayeweza kulijibu, na hivyo hakuna anayelazimika kulijibu.

Hapo ndipo madhara yanapoingia. Nimemsikia mwajiri akimwambia mfanyakazi wake wa ndani, anayelipwa pungufu kabisa ya laki tano niliyoitaja, kwamba "sisi tulikula kwa shilingi mbili tukashiba, nyinyi mnataka nini?" Nimemsikia mjomba akimshutumu kijana wa bodaboda kwamba hana nyumba kwa sababu hajui kubana matumizi. Bei ya 1968 imegeuzwa fimbo ya kumchapia mtu anayelipwa kidogo mwaka huu. Na wale wa 1968 walionyimwa haki ya kudai wamesahaulika: baada ya 1967 nyongeza za mshahara ziliwekewa ukomo wa asilimia tano kwa mwaka, na Baraza la Kudumu la Usuluhishi wa Kazi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka huohuo, likaufanya mgomo uwe karibu hauwezekani kisheria. Kibarua wa bandarini aliyeona shilingi yake haitoshi hakuwa na mlango wa kubisha.

Ndugu msomaji, safari ijayo mzee wako akikutajia sumni, usimcheke wala usimkatishe. Mpe kahawa, kisha muulize alilipwa ngapi kwa mwezi, chumba kililaza watu wangapi, ndugu zake wangapi walikwenda shule, na mama yake alizika watoto wangapi. Andika majibu yake. Mama yangu nilimuuliza mwaka juzi. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia kwamba soda yake ya kwanza aliinywa siku ya arusi yake, mwaka 1971.