Mgombea Mwenza Si Pambo la Jukwaa

Mwaka 2015, Chama Cha Mapinduzi kilipomteua Ndugu Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea mwenza wa Ndugu John Magufuli, wapo waliouliza: je, ameteuliwa kwa kuwa ni mwanamke? Ni nadra kusikia mwanamume akiulizwa kama ameteuliwa kwa uanaume wake.

Jibu limo katika utumishi wake. Alikuwa Waziri Zanzibar tangu mwaka 2000, Mbunge wa Makunduchi na Waziri wa Nchi aliyeshughulikia Muungano tangu mwaka 2010, kisha Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014.

Katiba inataka mgombea mwenza atoke upande wa pili wa Muungano. Hakuna adaiye kwamba sharti hilo humpunguzia mtu uwezo. Kwa nini basi jinsia impunguzie?

Yafaa ikumbukwe kwamba cheo hiki si cha kupamba jukwaa. Rais Magufuli alipofariki dunia Machi 17, 2021, Katiba haikuuliza jinsia ya Makamu wake. Siku mbili baadaye aliapishwa kuwa Rais.

Hivyo vikao vya uteuzi, katika chama chochote, havina budi kumwuliza kila anayependekezwa swali lile lile: dhamana ya nchi ikimwangukia kesho, ataibeba? Asiyeiweza aachwe, hata akiwa mwanamume. Aiwezaye asidaiwe kujitetea kwa sababu tu ni mwanamke.