Njia ya Kushukia Baharini: Barua kwa Watu wa Diani kutoka Wales

Ndugu zangu wa Diani, Ukunda, Tiwi na kuendelea hadi Msambweni,

Barua hii siiandikii nyumba yetu peke yake, kwa sababu jambo linaloniumiza si la nyumba moja. Kila nikizungumza na watu wa huko nasikia habari ya kichochoro kingine cha kushukia baharini kilichotiwa lango, au kilichobanwa na ukuta mpya hata mtu na ndoo yake ya samaki hapiti. Wazee hunieleza kwa sauti ya watu waliokwisha kukubali. Mimi sijakubali, na nawaomba nanyi msikubali.

Nitawasimulia kwanza habari za ufuo mmoja mdogo wa huku. Nimeufuatilia kwa sababu ulinionyesha kitu ambacho sisi, wenye bahari nzuri kuliko hii, tumekiacha bila ulinzi.

Ufuo huo unaitwa Barafundle, na uko Pembrokeshire, kusini-magharibi mwa Wales. Ni ghuba fupi iliyoelekea mashariki, ina majabali ya chokaa huku na huku. Upepo wa nchi hii aghalabu hutoka magharibi, kwa hiyo ghuba hiyo, iliyoupa upepo mgongo, hutulia hata siku ambazo fuo za jirani zina mawimbi makali. Nyuma ya mchanga kuna matuta yaliyoota majani, na nyuma ya matuta kuna miti. Mwamba wa kuvunja nguvu ya bahari huko nje, kama wetu, hakuna. Na maji yake hupanda na kushuka kuliko ya kwetu: bamvua kubwa la Diani hukaribia mita 4, la huku hupita 6. Baridi yake pia ni ya namna nyingine. Katikati ya kiangazi maji hufika digrii 16 hivi, na mwezi wa Februari huwa karibu na 8, lakini watoto huingia na kucheza humo kama watoto wa popote.

Yale majabali ndiyo yaliyonishika zaidi. Chokaa ya pwani hii ilifanyika zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati kipande hiki cha dunia kilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi. Katika mawe ya aina hiyo mtu huweza kuona alama za matumbawe, zimegeuka jiwe tupu. Sisi tuliozaliwa juu ya jiwe la matumbawe, tukachimba visima ndani yake na kujenga misikiti kwa vipande vyake, hatuhitaji kueleza sana kwa nini mtu wa Kwale akisimama pale hupapasa jabali kwa muda mrefu.

Sasa niseme mgeni anapataje kufika. Hakuna gari lifikalo Barafundle. Unaliacha kwenye maegesho ya Stackpole Quay, gati dogo sana la mawe lililojengwa zamani ili kupakia mawe ya chokaa na kushusha makaa. Maegesho yanalipiwa. Hapo gatini ndipo penye vyoo na mkahawa. Ukitoka hapo unatembea kiasi cha mita 800: unapanda hadi juu ya majabali, unavuka majani mafupi, unapita chini ya tao la mawe katika ukuta wa zamani, kisha unashuka ngazi za mawe hadi mchangani. Na ukifika mchangani hukuti kitu. Hakuna choo, hakuna duka, hakuna kibanda cha mwokozi. Ulichokuja nacho unarudi nacho, pamoja na maganda na chupa.

Mwanzoni mtu anaweza kudhani ni uzembe. Sivyo. Huduma zimewekwa mahali ambapo kila mtu lazima apite, akienda na akirudi, na ambapo gari la kunyonya choo na la kuzoa taka linaweza kufika. Ufuo wenyewe umeachwa ulivyo. Lakini kusifu bila kusema kasoro si haki: zile ngazi zinamfungia nje mama mwenye mtoto kwenye kigari, mzee wa magoti mabovu na mtu wa kiti cha magurudumu. Katika wilaya hii hii, fuo nyingine zina viti maalumu vya magurudumu mapana vinavyoweza kutembea mchangani, na mtu huazimwa akiomba. Barafundle ngazi ni ngazi. Na kwa kuwa hakuna waokoaji, anayetaka kuogelea chini ya macho ya mwokozi huenda ufuo mwingine wenye bendera za rangi nyekundu na njano.

Kilichonifanya niandike barua hii ni ile njia ya mita 800.

Zamani ghuba ile na mashamba yote ya kuizunguka yalikuwa mali ya ukoo wa kitajiri, akina Cawdor, waliokuwa na jumba kubwa pale Stackpole. Jumba lilibomolewa mwaka 1963. Mwaka 1976 sehemu kubwa ya mashamba hayo, pamoja na ufuo, iliingia mikononi mwa National Trust, taasisi ya hisani iliyoanzishwa mwaka 1895 kutunza ardhi na majengo kwa faida ya umma. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1965 kuchangisha fedha za kununua pwani kipande kwa kipande, kwa kuhofia kwamba itajengwa yote; leo inashika zaidi ya kilomita 1,200 za pwani ya Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini. Na mwaka 1970 ilifunguliwa njia ya miguu inayofuata pwani ya Pembrokeshire, yapata kilomita 300, ambayo inapita hapo hapo Barafundle. Tangu mwaka 2012 njia hiyo ni sehemu ya njia inayozunguka pwani yote ya Wales, kilomita 1,400. Njia hizo hupita kando ya mashamba ya watu na malisho ya ng'ombe. Zinakatizwa mahali pachache tu, kwa mfano kwenye uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha ulio jirani na Stackpole, na hapo hutundikwa bendera nyekundu na ratiba ya siku za kufungwa, mtu ajue mapema.

Je, wenye mashamba hawatamani kuziba? Wapo wanaotamani. Kinachowazuia ni karatasi. Sheria ya mwaka 1949 iliamuru halmashauri za Uingereza na Wales zichore ramani rasmi ya njia zote za miguu za umma. Njia ikishaingia katika ramani hiyo, ramani yenyewe ni ushahidi mahakamani, na halmashauri ina wajibu wa kuilinda isizibwe. Ukinunua shamba lenye njia, unainunua na njia yake. Huwezi kuihamisha wala kuifuta bila amri rasmi, na watu hupewa nafasi ya kupinga. Na ile ambayo haijachorwa bado ina mlango: umma ukiitumia njia waziwazi kwa miaka 20 mfululizo, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, sheria huichukulia kuwa imetolewa kwa umma, ila mwenye ardhi athibitishe kwamba hakuwa na nia hiyo. Kwa hiyo ushahidi wa bibi aliyepita hapo akienda kuokota konokono wa baharini ni ushahidi. Huandikwa, hutiwa sahihi, hupelekwa.

Sasa geukeni mtazame kwetu. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, imeitaja kuwa ardhi ya umma sehemu yote iliyo kati ya maji yanapojaa na maji yanapokupwa. Serikali ya taifa imeishika kwa amana ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Huku Wales hawana neno zito kama hilo: kwa sheria kavu, hakuna haki ya jumla ya mtu kukaa juu ya mchanga unaofunikwa na maji, watu huruhusiwa kwa desturi na ridhaa. Sisi mchanga ni wetu kwa Katiba, wao njia ni yao kwa ramani. Na mwenye njia ndiye anayefika baharini. Mchanga wa Diani una urefu wa zaidi ya kilomita 10, lakini viwanja vimepangwa vikiwa vimegusa barabara huku na ufuo kule, kwa hiyo vichochoro vilivyo kati ya kuta ndivyo tegemeo letu. Kikifungwa kimoja, mtoto wa Ukunda anazunguka mbali hadi kingine. Vikifungwa vyote, Kifungu cha 62 kitabaki kusomwa tu.

Kifungu hicho hicho kinataja pia barabara na njia zilizowekwa kwa sheria kuwa mali ya umma. Hapo ndipo penye kazi. Njia iliyo katika ramani za upimaji ina nguvu. Ile iliyo katika kumbukumbu za wazee pekee haina mtetezi siku ukuta unapoanza kupanda. Na wazee hawatakaa milele. Wanaojua wapi nyavu zilibebwa kabla barabara ya lami haijafika, wapi jeneza lilipita, wapi ng'ombe walishushwa kuogeshwa, wanapungua kila mwaka.

Ninachoomba kinaweza kufanywa na watu wetu wenyewe. Wavuvi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), mama karanga wanaosubiri mchangani samaki wa kukaanga, walimu wa madrasa na vijana wenye simu watembee njia zote, moja baada ya nyingine, kutoka barabarani hadi majini. Kila njia ipigwe picha, ipimwe upana, iandikwe jina lake la asili na majina ya watu wanaoweza kuapa kwamba waliitumia na tangu lini. Iandikwe pia iliyofungwa, na mwaka ilipofungwa. Kisha ziombwe ramani za upimaji za viwanja hivyo. Haki ya kupata habari iko katika Kifungu cha 35, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu. Orodha yenu na ramani zao ziwekwe pamoja mbele ya serikali ya kaunti, ambayo sheria inaitaka iwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Njia zetu ziingizwe humo kwa jina na kwa upana.

Naomba pia msije mkaiga Barafundle ilivyo. Ufuo ule haumlishi mtu. Hakuna anayetua samaki pale, hakuna anayeuza madafu wala viazi karai. Wa kwetu ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa kupumzikia, na ufuo usio na choo hapo ni mateso, hasa kwa wanawake wanaoshinda juani wakingoja vyombo virudi. Tunataka choo kilichojengwa juu, upande wa barabara, mbali na mahali maji ya bamvua yanapofika, kisije kikavuja mpaka baharini kupitia jiwe letu lenye matundu. Tunataka bomba la maji matamu la kuoshea samaki na miguu. Tunataka kivuli cha makuti, mahali pa vyombo pasipoguswa na mgeni yeyote, na kibao kinachosema saa za maji kujaa na kupwa, kwa kuwa watu wa bara hawazijui na kila sikukuu wanajaa ufuoni. Mlangoni mwa mto Mwachema, kwa mfano, mgeni anavuka maji yakiwa magotini, na akirudi jioni anakuta kina kingine kabisa. Kibao hicho kingeokoa maisha, nacho ni cha bei ndogo kuliko karibu kitu kingine chochote nilichotaja.

Na tafadhali njia mojawapo, hata moja kwa kuanzia, ipangwe bila ngazi, mteremko wa kupitika kwa kiti cha magurudumu na kwa mkokoteni wa samaki. Vyote viwili vinahitaji upana ule ule.

Anzeni kaskazini, kwenye njia zinazoelekea msikiti wa Kongo na mlango wa mto. Msikiti ule wa kale umesimama katikati ya mibuyu kwa karne nyingi na bado unaswaliwa, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema kwamba watu hawakuwa na njia ya kwenda huko. Mkimaliza kipande hicho nitumieni orodha kwa simu. Sisi tulio huku tutachanga gharama ya kuichora vizuri na kuichapisha katika karatasi kubwa, nakala moja ikae kwa chifu, moja kwa BMU, moja kwa mwanasheria mtakayemchagua wenyewe, na moja ibandikwe ukutani mahali ambapo watoto wa shule wanaweza kuisoma.

Nisalimieni wakubwa kwa wadogo.

Wasalaam,
Mtoto wenu wa Ukunda, Pembroke