Mwenyeji wa Kiamaiko: Pengo katika Uhakiki wa Fasihi ya Safari

Neno ughaibuni limezoeleka mno katika semina zetu. Litajwapo, fikira huenda moja kwa moja London, Muscat au Minnesota. Isitoshe, wahakiki wetu humfuata msafiri tangu anapofunga mzigo hadi anapofika, na aghalabu hawamtazami yule anayempokea. Hata katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake nchini Kenya, maswali yetu huwa juu ya msafiri na utambulisho wake. Waliompokea hubaki kuwa wahusika wadogo. Naonelea kuwa hili ni pengo, na kwamba tungeweza kuanza kulijaza katika mtaa wa Kiamaiko, ambao kutoka katikati ya Nairobi ni mwendo wa matatu moja tu.

Wengi wanaijua Kiamaiko kwa mbuzi. Malori huwaleta kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, wakachinjwa papo hapo na nyama ikasambazwa jijini. Waborana, Waburji, Wagabra na wengine wa kaskazini waliifuata biashara hiyo wakajenga maisha, na watu wa kwao hawajaacha kuwafuata. Mgeni wa Kiamaiko hafiki kwa utalii. Huja na mtoto mgonjwa anayehitaji daktari bingwa, au na shauri la pasipoti, au na mbuzi thelathini ambao bei yao hataki kuiacha mikononi mwa dalali. Mwenyeji humlaza katika chumba kile kile anamolala na wanawe, humpa chai ya maziwa, na kesho yake huacha kazi ili amwongoze. Hospitalini huwa mkalimani: malalamiko ya mgonjwa huingia kwa Kiborana yakatoka kwa Kiswahili, na jibu la daktari likarudi kwa njia iyo hiyo. Nathubutu kusema kuwa hayo ni matumizi ya Kiswahili yanayostahili tasnifu. (Tasnifu juu ya lugha ya mabango tunazo za kutosha.)

Je, huu ni ughaibuni? Watu wa kaskazini wenyewe wamekwisha kujibu. Kwa miaka mingi, aliyeondoka Marsabit au Moyale kuelekea Nairobi amekuwa akisema kuwa anakwenda Kenya, na arudipo huulizwa habari za Kenya. Wako wanaoucheka usemi huo wakidhani ni mzaha. Ukweli ni kwamba una historia ya sheria nyuma yake. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikawa hakuna wa kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine ikazidi kukaza kamba. Uhuru ulipowadia, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vilileta hali ya hatari ambayo kanuni zake hazikufutwa hadi mwaka 1991. Barabara nayo ilisema hayo hayo. Kutoka Nairobi hadi Moyale ni karibu kilomita 800, na kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, abiria wengi walisafiri kwa siku kadhaa juu ya malori, wameshikilia vyuma, mbuzi wakiwa chini ya miguu yao.

Hapa ndipo lugha yetu inapotupa jambo la kutafakari. Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa anayekaribishwa na kwa anayeshukiwa. Mwenyeji, kwa upande wake, ni mwenye mji. Sasa mtazame mtu wa Kiamaiko: kwa aliyeshuka basi jana usiku yeye ni mwenye mji, kwa askari anayemdai kitambulisho yeye pia ni mgeni. Katika msako wa Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Msako kama huo unapokuwa jirani, kumlaza ndugu asiye na kitambulisho huwa ni kuhatarisha nyumba nzima. Na vitambulisho vyenyewe havikupatikana kirahisi. Masharti ya kuwachuja upya vijana wa kaunti za mpakani yalitangazwa kuondolewa Februari 2025 tu.

Kwa sababu hiyo siridhiki na jinsi tunavyofundishwa ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Tunaambiwa ni onyo dhidi ya uvivu, kisha tunasomewa lile shairi la jadi linalomhesabia mgeni siku zake hadi afukuzwe kwa kipigo. Fasiri hiyo inamchukulia mwenyeji kuwa mtu aliyekwisha kutulia kwake, mwenye shamba na ghala. Kiamaiko mgeni hupewa kisu au kamba ya kuongozea mbuzi, na kwa kupewa hicho huanza kuwa mwenyeji. Jembe, nionavyo mimi, ni mlango wa kuingilia mjini.

Patakuwa na watakaosema kuwa hii ni sosholojia, si fasihi. Hao wakumbuke kuwa Carl Velten alipochapisha masimulizi ya safari za Waswahili mwaka 1901, alikusanya maneno ya watu waliosafiri kweli, nasi leo tunayasoma kama nathari ya Kiswahili bila kuona haya. Masimulizi ya malori ya Moyale bado yamo vinywani. Waliopanda malori hayo wakiwa vijana sasa ni wazee, na watoto wao huja kwa basi wamelala. Ziara za vyama vyetu huelekea Pwani, nami sizipingi. Ila mwenye kinasa sauti na asubuhi moja ya Jumamosi aende zizini Kiamaiko mapema, kabla mbuzi hawajauzwa, maana baada ya hapo wenyeji huenda Eastleigh kuwangoja wageni.